Kujifunza utunzaji wa nyasi za viwanja kwa ngazi ya juu ukiwa Dodoma: anza na hesabu ya maji

Ukoka wa Kati (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Tangu ilipothibitishwa mwaka 2023 kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, maswali kuhusu nyasi yameongezeka hapa mjini. Wahitimu wa kilimo, vijana wanaohudumia bustani za ofisi kule Mtumba na hata makocha wa timu za mitaani wanataka kujua ni wapi mtu anaweza kusomea utunzaji wa nyasi za viwanja kwa ngazi ya juu, yaani zaidi ya kufyeka na kumwagilia. Ninaifanya kazi hii, na maoni yangu ni kwamba elimu yenyewe ipo na inafikika, ila imepangwa kwa mpangilio usiotufaa. Mtu wa Dodoma anapaswa kuisoma upya akianzia kwenye maji, ndipo aende kwenye udongo, mbolea na mashine.

Kuhusu vyuo nitasema kwa kifupi. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinafundisha kilimo cha bustani, na Tengeru mkoani Arusha nako kuna mafunzo ya fani hiyo. Huko mtu anapata misingi ya udongo, mimea na visumbufu, ingawa nyasi za michezo si kiini cha mafunzo. Kwa nyasi zenyewe, Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani kimekuwa kwa miaka mingi kikitoa vyeti vya utunzaji wa nyasi kwa njia ya mtandao, kikiwemo cheti cha ngazi ya juu.

Ugumu unaanza pale unapofungua masomo yenyewe. Sehemu kubwa ya yanayofundishwa kaskazini mwa Marekani na Uingereza inahusu nyasi za nchi za baridi, ambazo hustawi katika joto la kati ya nyuzi 15 na 24 za Selsiasi. Kalenda yao ya mbolea huelemea miezi ya Septemba hadi Novemba, kwa sababu ndipo nyasi zao hujenga mizizi kabla ya theluji. Mwanafunzi wa Dodoma akiichukua kalenda hiyo kama ilivyo, atamwaga mbolea katika kilele cha kiangazi, wakati uwanja usio na maji ya uhakika umekauka kabisa. Nyasi zetu ni ukoka, ambao kisayansi huitwa Cynodon dactylon, na ndugu zake. Hizi ni nyasi za joto, hupenda nyuzi 27 hadi 35, na kinachozilaza hapa ni ukame zaidi kuliko baridi.

Hata hivyo, ndani ya masomo hayo hayo kuna vifaa vya kufikiria ambavyo vinahama vizuri. Kimoja ni kanuni ya uwezo wa kukua, iliyotungwa na watafiti wa Marekani Wendy Gelernter na Larry Stowell. Kanuni hiyo huchukua wastani wa joto la mwezi na kukupa namba kati ya 0 na 1. Kwa nyasi za joto, namba hufika 1 joto likiwa nyuzi 31, kisha hushuka kadiri unavyosogea mbali na hapo. Nimeipiga kwa Dodoma. Mwezi Novemba, ambapo wastani wa mchana na usiku ni karibu nyuzi 25, jibu ni takriban 0.69. Mwezi Julai, ambapo wastani ni karibu nyuzi 20, jibu ni takriban 0.29. Maana yake ni kwamba hata ukiwa na maji ya kutosha, ukoka wa Julai hauwezi kutumia hata nusu ya chakula unachoweza kutumia Novemba, na mbolea utakayozidisha wakati huo ni hasara tu.

Tuigeuze namba hiyo iwe mifuko. Uwanja wa mpira wenye mita 105 kwa 68 una eneo la mita za mraba 7,140. Tukisema kiwango cha juu cha naitrojeni kwa mwezi ni gramu 3 kwa mita ya mraba, Novemba unahitaji gramu 2.07, yaani karibu kilo 32 za urea yenye asilimia 46 ya naitrojeni kwa uwanja wote. Julai unahitaji kilo 13 au 14 tu. Nimeona mahali mifuko miwili mizima ya kilo 50 ikimwagwa kwa siku moja kwa kuwa bajeti ilikuwa inakaribia kufungwa. Hiyo ni zaidi ya gramu 6 kwa mpigo, na kinachofuata ni majani mengi laini, mizizi mifupi na mashine kushindwa kazi.

Sasa maji, ambayo ndiyo hoja yangu hasa. Dodoma hupata wastani wa mvua usiofika milimita 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Miezi inayobaki tunategemea visima na mtandao wa mji, ambao kwa miongo mingi umelishwa na bonde la Makutupora. Rekodi za kina cha maji katika bonde hilo, ambazo zilianza kuchukuliwa miaka ya 1950, zinaonesha kwamba hifadhi ya chini ya ardhi hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, ukiwemo ule wa El Niño wa 1997 na 1998, si na mvua za kawaida za kila mwaka. Kwa hiyo anayemwagilia ovyo Dodoma anatumia akiba ambayo haijulikani itarudishwa lini.

Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuchukulie siku ya Oktoba yenye jua kali na upepo, ambayo hewa inaweza kuvuta milimita 6. Ukoka hutumia takriban asilimia 70 ya hiyo, yaani milimita 4.2, na kwa uwanja mzima unapata karibu lita 30,000 kwa siku, sawa na maboza matatu ya lita 10,000. Ukishaiona namba hiyo ndipo unaelewa kwa nini kila somo lingine, kuanzia aina ya nyasi hadi urefu wa kukata, lazima liulizwe kwanza: linaongeza au linapunguza maboza?

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Kisima cha Nzuguni

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa hesabu hizi. Mimi ninahudumia kiwanja cha shule, na tuna kisima chetu, kwa hiyo wingi wa maji si tatizo. Tatizo ni kwamba maji yenyewe yana ladha ya chumvi, na kila mwaka ikifika Septemba udongo unafanya ganda jeupe juu, maji yanatuama na ukoka unakufa kwa mabaka. Mzabuni mmoja alitushauri tuongeze mbolea. Tuliongeza, na mabaka yakazidi.

Mpima Udongo

Mkuu Kisima, naomba nilijibu hili, kwa kuwa ndilo eneo langu.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa chini ya jina moja la chumvi. La kwanza ni jumla ya chumvi zote zilizoyeyuka, ambayo hupimwa kwa namna maji yanavyopitisha umeme. Ukoka ni mvumilivu sana hapo: majedwali yanayotumiwa duniani huonesha kwamba hauanzi kupungua mpaka kipimo cha udongo kipite desisimensi 6.9 kwa mita, wakati mahindi huanza kuumia chini ya 2. Jambo la pili ni sodiamu ikilinganishwa na kalsiamu na magnesiamu. Sodiamu ikizidi, chembe za mfinyanzi hutawanyika, matundu ya udongo huziba, na hapo ndipo unapoona ganda na maji yaliyotuama. Maelezo yako yananielekeza zaidi kwenye hili la pili, lakini msitibu kabla ya kupima maji na udongo katika maabara. Maabara ya udongo ya Sokoine na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Mlingano, Tanga, wanaifanya kazi hiyo.

Vipimo vikithibitisha sodiamu, dawa yake ni jasi, ambayo tunayo jirani kabisa, kwani huchimbwa Itigi mkoani Singida. Kalsiamu iliyomo huchukua nafasi ya sodiamu kwenye chembe za udongo, kisha sodiamu hiyo lazima isukumwe chini kwa maji mengi yanayopita ukanda wa mizizi. Jasi bila maji ya kuisukuma haifanyi lolote, na ndiyo sababu ninashauri imwagwe mvua zinapokaribia, ili Desemba na Januari zifanye kazi hiyo bure. Ninaongeza onyo: jasi si chokaa. Ukimwaga chokaa kwenye udongo ambao tayari una pH ya juu ya 8, yaani wenye magadi, utazidi kuuharibu.

Kuhusu mbolea mliyoongeza, nayo ni chumvi. Ndiyo maana mabaka yakazidi.

Kisima cha Nzuguni

Nimekuelewa vizuri. Kumbe fedha ya mbolea ya mwaka huu ingefaa iende kwenye kipimo.

Mdau wa Jamhuri

Wakuu, pamoja na heshima zote, mbona tunazunguka? Wekeni nyasi bandia, maboza yote hayo yasahaulike. Mji huu una ukame, na viwanja vya bandia vinakubalika katika mashindano.

Ukoka wa Kati

Ndugu Mdau, kwa kiwanja kinachochezewa asubuhi hadi usiku kila siku, hoja yako ina uzito, kwa maana hakuna nyasi hai inayoweza kuvumilia matumizi hayo. Lakini uso wa nyasi bandia chini ya jua kali unaweza kupita nyuzi 60, na njia ya kawaida ya kuupoza ni kuumwagia maji, ambayo hukauka tena baada ya muda mfupi. Tena zulia hilo huchakaa, na kwa matumizi ya kawaida huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 8 hadi 10. Ukoka uliotunzwa hujiponya wenyewe. Kwa watoto wa shule wanaocheza pekupeku saa nane mchana, mimi nisingependekeza bandia.

Mama Bustani, Ilazo

Hamjambo wanangu. Mimi sina uwanja wa mpira, nina bustani ya nyumbani tu. Nimepanda ukoka mara kadhaa chini ya miarobaini yangu na kila mara unanyauka, wakati wa nje ya kivuli umestawi. Kijana anayenihudumia anasema udongo umechoka. Je, ni kweli?

Mpima Udongo

Shikamoo mama. Inawezekana udongo hauna kosa. Ukoka unataka jua kamili. Ukiwa kivulini hurefuka, hukonda, kisha huachia nafasi, hata ukiulisha vipi. Mwarobaini nao unavuta maji ya juu kwa mizizi yake, kwa hiyo nyasi hupungukiwa mara mbili. Chini ya miti jaribu nyasi za Pemba, zile zenye majani mapana, ambazo huvumilia kivuli kuliko ukoka, na uziache ziwe ndefu kidogo. Penye kivuli kizito kabisa, mama, weka kokoto na viti.

Mama Bustani, Ilazo

Marahaba mwanangu. Kokoto nimezikubali.

Mhitimu Singida

Naomba kuuliza kuhusu mbegu. Katika duka la pembejeo nimekuta mbegu za ukoka za kutoka nje, na muuzaji anadai ndizo zile zile zilizopandwa kwenye viwanja vikubwa vya kimataifa. Je, kuna ukweli?

Ukoka wa Kati

Ndugu Mhitimu, hapa ni vyema tukae kidogo, kwa kuwa fedha nyingi hupotelea hapa.

Aina zilizoenea zaidi katika viwanja vya michezo vya nchi za joto ni chotara za ukoka wa kawaida na ukoka wa Afrika Kusini, Cynodon transvaalensis. Kazi kubwa ya kuzizalisha ilifanywa na Glenn Burton katika kituo cha utafiti cha Tifton, jimbo la Georgia, na aina yake maarufu, Tifway, ilitolewa mwaka 1960. Angalia ubini wa chotara hizi: zote mbili asili yake ni bara letu, zikaenda kuolewa ng'ambo. Sasa, chotara hao ni tasa, hawatoi mbegu inayoota, kwa hiyo lazima wapandwe kwa vikonyo, yaani vipande vya shina, au kwa mapande ya nyasi zilizokwisha kukua. Mtu yeyote anayekuuzia mbegu ya Tifway anakuuzia kitu kingine. Mbegu za ukoka wa kawaida ulioboreshwa zipo na nyingine ni nzuri, ila zitajwe kwa jina lake. Na anayetaka kuleta vikonyo kutoka nje ya nchi apate kwanza kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, maana kikonyo huja pamoja na minyoo na magonjwa yake.

Ushauri wangu kwa wasio na bajeti ya uwanja wa taifa ni kutazama ukoka wa hapa hapa. Tembea kando ya barabara na malambo mwezi Oktoba, tafuta kiraka kilichobaki kijani, kifupi na kilichofumana vizuri ilhali majirani wamekauka, chukua vikonyo vyake, uvioteshe katika kitalu kidogo kwa msimu mmoja ukivilinganisha. Mwanzoni mwa mvua ndipo uvihamishie uwanjani, mvua ikuondolee gharama ya kuviotesha.

Mhitimu Singida

Ahsante sana. Nikiongezea kwa upande wetu, tunasumbuliwa na kiwavi jeshi. Anapoingia, kiwanja kinabaki udongo ndani ya siku chache.

Fundi Mashine

Kwa kiwavi, Mhitimu, usisubiri kumwona kwa macho. Changanya vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita 4 za maji, mwagia mita moja ya mraba, kisha subiri dakika chache. Waliojificha chini watapanda juu kwa kuwashwa, nawe utawahesabu. Fanya hivyo mara kwa mara baada ya mvua za kwanza, hasa ukiona ndege wengi wanashuka kiwanjani kudonoa. Akiwa bado mdogo hudhibitiwa kwa kiasi kidogo cha kiuatilifu kilichosajiliwa. Akishanenepa, unapulizia kwa kujifariji tu, maana amekwisha kula.

Naomba pia nizungumzie kukata, ambako mleta uzi hajafika. Kanuni ya theluthi moja inafundishwa kila mahali na haina mjadala: usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mkato mmoja. Kama unataka uwanja wako uwe na milimita 25, ukate kabla haujapita milimita 37. Viwanja vingi hapa husubiri nyasi zifike kwenye kifundo cha mguu, ndipo slesha iitwe siku moja kabla ya mechi. Hapo unaondoa majani yote na kubakiza vijiti, ukoka unatumia akiba ya mizizi kujifunika upya, na katika kiangazi akiba hiyo haipo. Ndiyo hoja ya maboza hiyo hiyo: mizizi mifupi hudai kumwagiliwa kila siku, mizizi mirefu inaweza kungoja.

Makali ya kisu nayo ni maji. Kisu butu huchana jani badala ya kulikata, ncha hugeuka rangi ya majivu, na jani lililochanika hupoteza maji zaidi. Ukitaka kushuka chini ya milimita 20, achana na mashine ya kisu cha kuzunguka, tumia ya silinda. Na kabla ya hapo hakikisha uwanja umesawazishwa, la sivyo utakwangua vilima vyote. Mbuzi wa jirani, ambao kila mtu hapa anawajua, hukata vizuri kuliko slesha butu, ila hawafuati ratiba.

Kisima cha Nzuguni

Na ndago? Na mbigili?

Fundi Mashine

Mbigili ing'oe kabla haijazaa miiba. Ina mzizi mkuu mmoja na haichipui tena ukiutoa wote. Ndago usiing'oe ukadhani umeimaliza, kwa kuwa viazi vyake vidogo hubaki chini na kutoa shina jipya. Kwenye ukoka hutumika kiuatilifu teule kama halosulfuroni, kwa kurudia. Na ujiulize kwa nini ipo hapo: mara nyingi ndago hupenda pale bomba linapovuja.

Ukoka wa Kati

Hilo la bomba kuvuja linanirudisha kwenye jambo ambalo ningependa kila anayejifunza alifanye kabla ya kulipia kozi yoyote. Kusanya makopo matupu ya nyanya, yote ya ukubwa mmoja. Yapange kiwanjani kwa mistari, fungulia vinyunyizio kwa dakika 15, kisha pima kina cha maji katika kila kopo kwa rula. Tafuta wastani wa makopo yote, halafu wastani wa robo ya makopo yaliyopata kidogo zaidi. Kama wastani wa yote ni milimita 8 na wa robo hiyo ni milimita 4, maana yake ili sehemu kavu ipate inachostahili, lazima sehemu nyingine ipate mara mbili. Hapo maboza yako matatu yamekuwa sita, na hakuna aina ya nyasi wala mbolea itakayokurudishia. Kurekebisha pua za vinyunyizio na shinikizo la pampu ni kazi ya siku moja au mbili.

Baada ya makopo, chukua chupa ya plastiki yenye kuta wazi, weka theluthi ya udongo wa uwanja, jaza maji, tikisa kwa nguvu, uiache itulie. Mchanga hutuama ndani ya dakika chache, tope laini baada ya saa kadhaa, mfinyanzi siku ya pili au hata zaidi. Chupa hiyo itakuambia kama una kichanga chekundu cha Dodoma kinachopitisha maji upesi mno au udongo wa mbuga unaopasuka kiangazi na kuteleza masika. Hayo mawili hayamwagiliwi kwa namna moja. Kichanga hupewa kidogo kidogo na mara kwa mara. Mbuga hupewa kwa mizunguko, unamwagilia mpaka maji yanapoanza kutiririka, unasimama, unarudia baada ya kunywa.

Mpima Udongo

Nakazia hapo hapo kwa wanaopenda kuongeza mchanga. Kuchanganya mchanga kidogo na mfinyanzi hakuulegezi, huufanya uwe mgumu zaidi, kwa kuwa mfinyanzi hujaza nafasi kati ya chembe. Mwongozo wa Marekani wa kujenga sehemu za shimo katika viwanja vya gofu, ambao ulitolewa kwanza mwaka 1960, huweka tabaka la milimita 300 la mchanganyiko ambao karibu wote ni mchanga uliochaguliwa, juu ya milimita 100 za kokoto. Yaani ama ujenge tabaka zima, ama uache udongo wako na uutoboe. Mchanga wa makorongo yetu unafaa mara chache bila kuoshwa na kuchekechwa, kwa sababu hubeba vumbi laini linaloziba kila kitu.

Mhitimu Singida

Kwa hiyo, mleta uzi, mtu akitaka kujiandaa kwa kozi ya ngazi ya juu, aanze na nini wiki hii?

Ukoka wa Kati

Anza na daftari. Kila siku andika mvua, joto la juu na la chini, dakika za kumwagilia na usomaji wa mita ya maji, na kila unapokata andika urefu kabla na baada. Mita ya maji kama haipo, ifungwe kwanza. Ni kifaa cha bei nafuu kuliko mashine yoyote iliyotajwa katika uzi huu. Ukifikisha msimu mmoja wa kiangazi na mmoja wa mvua utakuwa na data za uwanja wako mwenyewe, na ukiingia darasani, kila kanuni watakayokupa utaweza kuijaribu juu ya namba zako. Vipimo vya maabara vichukuliwe mwezi Oktoba, kabla ya mvua, kutoka kina cha sentimita 10, pointi zisizopungua 10 zikichanganywa kuwa sampuli moja, na eneo la mbele ya magoli lichukuliwe peke yake, kwa sababu udongo wa pale hukanyagwa kuliko kwingine.